Redio Arobaini na Moja za Njuki

Saa saba kasorobo mchana Njuki aliwasha redio ya Gachoki, akavuta waya wa eriali hadi dirishani, na Gachoki, aliyezikwa miaka sita iliyopita, akauliza ni nani amechukua panga lake.

"Niliuza," akajibu mjane wake Veronicah, akimenya viazi. "Ulitaka nilale nalo?"

Sebule ya Njuki ikacheka. Ilikuwa imejaa kama kawaida. Kianjokoma yote ilijua kwamba redio kuukuu ya masafa mafupi hushika sauti ya mwenyewe akishakufa, mradi mawe ya betri yawe mapya. Watu walikuja na viti vyao, wakarudi kwao na umbea wa makaburini.

Njuki alianza na redio ya baba yake. Baadaye alifika mji wa Gachoka, akafika Kiirua, akibisha kwa wajane. Kila redio aliipangusa, na mkewe Lydiah akaifumia kitambaa cha kuifunika. Ya arobaini na moja iligharimu ng'ombe, yule ambaye Lydiah alingoja auzwe ili yeye akapigwe picha ya kifua hospitalini.

"Wiki ijayo," Njuki alimwambia.

Wiki iliyofuata Lydiah alimwita kutoka jikoni. Redio ilikuwa ndiyo kwanza inashika. Njuki akainua mkono: nyamaza. Akanyamaza. Chai ilipochelewa sana, Njuki akaenda kutazama.

Tangu mazishi ya Lydiah anataka kitu kimoja tu, kujua alikuwa akiitiwa nini. Amezungusha zote. Wamekuja wanaume tu, wakiulizia mbuzi na mipaka ya mashamba.

"Baba Winfred, utangoja sana," Veronicah akamwambia mchana huo wa panga. "Mtu hurudi kwa redio yake. Sisi wanawake, nani alikuwa nayo? Mimi nilikuwa napangusa vumbi tu, na bado naambiwa nisisogeze mshale wa stesheni."

Viazi vikaendelea kumenywa.

Ndipo redio ya arobaini na moja, ambayo haikuwa imewashwa, ikakohoa. Kitambaa chake kilikuwa nusu, sindano ya kufumia bado imechomekwa, na kilipanda na kushuka taratibu. Sauti ya mwanamke ikasema, "Baba Winfred..." kisha ikamezwa na mikwaruzo.

"Ni mama," akasema binti yao Winfred, aliyekaa karibu. "Kitambaa ni chake." Akanyoosha mkono ausogeze mshale kidogo.

"Usiguse!" Njuki akasema. "Hiyo si ya kuguswa na kila mtu."

Winfred akarudisha mkono mapajani. Njuki akaja, akavua kitambaa, akakikunja vizuri, akazungusha mwenyewe, kulia, kushoto, mpaka viazi vikaiva. Akampata mzee mmoja wa Kiirua akiulizia mbuzi.

"Nimesikia kwa mjane wa Marete kuna nyingine, ya mbao," Njuki akasema. "Labda hiyo."

Lydiah hakusikika tena. Gachoki akaulizia panga lake tena. Veronicah akafungua mdomo amjibu, Njuki akainua mkono, na sebule nzima ikanyamaza.