Nywele za Tamsin

Jumanne, tarehe 9 Februari 1875, saa nne na dakika kumi asubuhi, mwanamke mmoja aliingia katika duka la sonara Eckersley mjini Adelaide, Australia, sketi yake ikiwa na vumbi la safari hadi magotini na kipande cha gazeti kikiwa mkononi. Hakutazama saa wala pete. Alikwenda moja kwa moja hadi meza ya nyuma, alikoketi Bi Thirza Maddern, msukaji wa nywele.

"Tangazo hili ni lenu?"

Bi Thirza hakuhitaji kulisoma, maana ndiye aliyeliandika. Lilisema hivi: Nywele za wapendwa wetu husukwa kuwa pini za kifua, pete na mikufu ya saa. Nywele unazoleta ndizo zitakazotumika, si nyingine. Mteja anakaribishwa kutazama kazi ikifanyika. Bwana Eckersley aliwahi kutaka ile sentensi ya pili ifutwe. Bi Thirza alikataa, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyemrudishia kazi yake akisema tangazo si kweli.

"Ni letu, mama. Karibu uketi."

"Sikuja kuketi. Nimekuja kutazama."

"Utatazama vizuri zaidi ukiketi."

Mwanamke akaketi. Aliitwa Loveday Trevorrow, mke wa mchimba shaba wa Moonta, na alikuwa amepanda gari la farasi kwa siku mbili. Wiki mbili nyuma alikuwa ameandika barua kueleza haja yake: binti yake Tamsin, mwenye miaka sita, amefariki kwa homa ya matumbo tarehe 14 Januari, siku ya tisa ya homa daktari aliamuru anyolewe, kichwa kipate kupoa, nywele zimehifadhiwa, rangi yake ni ya shaba iliyosuguliwa. Bi Thirza alikuwa na barua hiyo mezani.

Loveday alifungua kitabu cha nyimbo za kanisa, akatoa bahasha. Nywele zilizokuwa ndani zilikuwa na rangi ya majani makavu.

Bi Thirza alitazama barua, kisha bahasha. Alichukua unywele mmoja, akaushika ncha zote mbili, akauvuta. Unywele mzima hurefuka kwanza, karibu robo ya urefu wake, ndipo ukatike. Huu ulikatika papo hapo. Akavuta wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Kisha akatia nyuzi tatu katika kikombe cha maji ya moto yenye magadi, kwa kuwa hakuna nywele zinazosukwa kabla ya kutolewa mafuta kwa njia hiyo. Baada ya dakika mbili aliingiza kijiti ili azitoe. Hakukuwa na cha kutoa. Kikombeni mlikuwa na ute.

"Hizi zililowekwa kwenye nini, mama?"

Loveday alikuwa bado anakitazama kikombe. "Unga wa Mlinzi," alisema. "Wa kuua homa. Umo kwenye gazeti hilohilo, ukurasa wa mbele. Mtu wa afya alikuja nyumbani akasema kila kitu cha chumba kile kichomwe. Godoro, shuka, mwanasesere. Nikazificha nywele. Lakini nina mtoto mwingine wa kunyonya, nikasema sitaweka homa ndani ya nyumba kwa ajili ya kumbukumbu. Pakiti ilisema shuka zilowekwe nusu siku, na hazitadhurika. Barua yenu ilipokwisha kutumwa, nikaziloweka siku mbili, nipate hakika."

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Yalichemka. Nilitaka nifanye vizuri."

Bi Thirza aliandika katika daftari la kazi: Zimelowekwa katika unga wa klorini, saa 48, maji ya moto. Hazisukiki. Alimsomea, kwa kuwa mteja ana haki ya kujua kilichoandikwa.

Bwana Eckersley, aliyekuwa akipanga vijiko vya fedha na kusikiliza, alimwita kando.

"Droo ya tatu," alinong'ona. Katika droo ya tatu mlikuwa na nywele zilizonunuliwa Ulaya kwa wasichana wa vijijini, ambazo duka lilizitengeneza kuwa mikia ya bandia ya kuongezea nywele kichwani. "Mle zipo nyekundu za kila namna."

"Hizo ni za mikia, bwana."

"Nywele ni nywele. Wewe hata Mtume Petro akija hapa utamdai cheti cha ubatizo."

"Mtume Petro hatakuja, bwana. Picha zote zinaonyesha ana kipara."

Eckersley akarudi kwenye vijiko vyake.

Kazi moja iliwezekana, na Bi Thirza alimweleza Loveday bila kuipamba: nywele zingeweza kulazwa kavu juu ya karatasi yenye gundi, zikakatwa umbo la jani, zikafunikwa kwa kioo. Hazingehitaji nguvu. Zingebaki na rangi ileile ya majani makavu.

"Hapana," Loveday alisema. "Jabez atajua."

"Mumeo hajaziona?"

"Hajaziona. Mtoto alipokufa alikuwa chini mgodini, zamu ya mchana. Alipopanda juu, sanduku lilikwisha kupigiliwa misumari, wa homa hawakawizwi. Mtoto alikuwa akienda kumlaki pale kwenye kona, dada. Baba yake alikuwa akimjua toka mbali kwa kichwa kile. Hana picha yake, hana nguo yake, vyote vimechomwa. Tangu siku ile ameniuliza neno moja tu: nywele zake ziko wapi? Nikamwambia ziko salama." Alifunga kitabu cha nyimbo. "Nimrudie na nyasi? Nimwambie nilimchemsha mwanawe mara ya pili, baada ya homa?"

Bi Thirza alisukuma kikombe kando.

Loveday akafungua utepe wa kofia yake. Nywele zake zilikuwa nyingi, za rangi ya shaba, bila mvi hata moja.

"Kichwa alikitoa kwangu. Kata."

"Siwezi, mama. Tangazo linasema—"

"Tangazo! Na lile la unga je? Lilisema haudhuru." Sauti yake ilipanda hadi mteja mmoja mlangoni akageuka. "Matangazo mnayaandika nyinyi wenye maduka, mimi nasoma. Nikafuata neno kwa neno. Sasa ndipo mnapokumbuka ukweli?"

Bi Thirza alilivuta daftari la kazi. Kwa desturi, nyuma ya pini huchongwa maneno "Nywele za fulani". Alimwambia Loveday kwamba maneno hayo hatayachonga. Atachonga jina la mtoto na tarehe zake mbili, ambazo ni kweli. Na nywele za mtoto, zote zilizoletwa, zitalazwa kavu chini ya msuko wa juu, ndani ya kioo kimoja, zisionekane.

"Basi zitakuwa zake," Loveday alisema.

"Zitakuwemo."

Alizikata nywele za Loveday kwa ndani, juu kidogo ya kisogo, pasipoonekana nywele zikifungwa. Zilichemshwa kwenye magadi robo saa, zikatoka nzima. Bi Thirza alizipanga kwa urefu, akazifunga vijiti vya risasi, madini mazito ya kuzikaza, akaanza kusuka kuzunguka tundu lililo katikati ya meza yake ya kusukia. Loveday alitazama kwa muda wa saa nne na nusu bila kuomba hata maji. Eckersley alipita mara mbili. Mara ya pili alimwachia kikombe cha chai, naye hakukigusa. Nyuzi za mtoto zilipolazwa na msuko kushushwa juu yake, Loveday aliinama karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, na Bi Thirza akakifuta kabla ya kukifunga.

Loveday aliondoka saa kumi alasiri, pini ikiwa katika kisanduku, kisanduku ndani ya kitabu cha nyimbo.

Jumatano, tarehe 24 Machi, ilifika barua kutoka Moonta, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

"Bi Maddern, mimi ni Jabez Trevorrow. Pini tumeipata. Rangi ni yake kabisa, kama nimeshika kichwa chake. Mke wangu haivai, wala hataki kukaa mahali ilipo, sijui kwa nini, na sijamlazimisha. Naiweka mimi, lakini mgodini siwezi kushuka na pini ya mwanamke, wenzangu watanicheka. Nakuomba, kama zilibaki nyuzi chache, unisukie pete. Hata nyembamba. Bei ni utakayosema."

Eckersley aliisoma juu ya bega la Bi Thirza. Hakutaja droo.

Bi Thirza aliandika jibu lenye kurasa mbili, lililoeleza nywele za juu ni za nani, akalisoma, akalitia motoni. Aliandika jingine, la mistari miwili:

"Bwana Trevorrow, nywele za mtoto zilizoletwa hapa zote zimo ndani ya pini. Hakuna zilizobaki."

Barua ilipokelewa posta Alhamisi, tarehe 25 Machi, saa tisa alasiri, ikaingia katika mfuko wa mwisho wa kwenda Moonta kabla ya Ijumaa Kuu.