Kiti cha Mbele cha Gari la Nyakuoth

Wainaina alishuka Lodwar mwezi wa Februari 2013 akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa mpima ardhi mstaafu kutoka Nyeri, mtu mzima mwenye miwani na mazungumzo mengi. Alitaka kununua gari la kuzunguka nalo nyuma ya milima ya Loima, kule kusiko na barabara, alale porini na kupiga picha za ndege. Karatasi yake ilikuwa na orodha ya vitu ambavyo gari la porini lazima liwe navyo: winchi, taa saba juu ya paa, na bomba la kupumulia lililopanda hadi juu ya kioo ili injini isimeze maji.

"Maji gani?" nikamuuliza.

"Ya mito, fundi."

Nilimpeleka darajani nikamwonyesha mto Turkwel. Mbuzi walikuwa wanavuka bila kulowa magoti. Alicheka mwenyewe, na hapo nikampenda kidogo.

"Porini gari hufa kwa chini," nikamwambia. "Hizo taa saba zitakusaidia kuona springi ilivyovunjika."

Mimi ni Lokorio, fundi wa magari hapa Kanamkemer, Lodwar. Ulimi wangu umenifukuzia wateja wengi, lakini wanaorudi hurudi kwa sababu sijawahi kumwambia mtu gari bovu ni zima. Kwa Wainaina nilisitasita. Nilikuwa nimeapa sitamchagulia mtu gari tena.

Mtu wa mwisho niliyemchagulia alikuwa mdogo wangu, Ekal. Aliendesha malori ya wakandarasi Lokichar, wale waliokuja na habari za mafuta, na walipomwachisha kazi akataka gari lake mwenyewe, la kubeba watu na mizigo hadi Namoruputh na vijiji vya nyuma visivyofikiwa na mtu. Nilimchagulia Land Cruiser kuukuu ya pikapu, ya kijani. Nikaifungua chini yote, nikaifunga upya kwa mikono yangu. Februari 2012 Ekal alitoka Namoruputh peke yake kuelekea kusini. Hakurudi, na gari halikurudi.

Nilimtafuta. Siku ya nne, saa sita mchana, nilifika kwenye mto mkavu mmoja kule Loima, mito ya namna ile tunaiita laga, nikaona nyayo mchangani. Zilikuwa mbichi. Kule upepo wa jioni hufuta kila kitu, kwa hiyo aliyezikanyaga alipita asubuhi hiyo hiyo. Lakini zilikuwa nyayo za akala, vile viatu vya tairi ambavyo nusu ya Turkana huvaa, na Ekal hakuvaa akala. Alivaa buti za ngozi alizopewa kazini, akazivaa hata kwenye harusi yake, tukamcheka. Nikasema huyu ni mchungaji. Nilipiga honi mara tatu, kama nipigavyo siku zote, nikavuta sigara moja, nikageuza. Gari nililokuwa nalo lilikuwa la kuazima na mwenyewe alilitaka kabla ya jioni.

Mama hakukubali. Kwetu mama aliyefiwa na mwanawe huvua shanga na kunyolewa kichwa. Yeye alibaki na shanga zake shingoni mwaka mzima, na kila gari likitoka upande wa Loima alikwenda kusimama kando ya barabara kuwauliza abiria. Hakulia, wala hakuruhusu mtu alie nyumbani kwake. Nilimwonea huruma, kisha nikaanza kumkasirikia. Nilitaka mtu aje aniambie Ekal amekufa, nimwambie Mama, anyolewe, yaishe. Siyo jambo la kujivunia, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Basi nikamtembeza Wainaina. Tuliona Prado moja ya karani wa hapo mjini, imeoshwa hadi inateleza, gari zuri la kwenda kanisani. Tukaona Land Rover iliyokaa juu ya mawe muda mrefu hadi kuku wametaga ndani. Siku ya tatu tukasikia kuna pikapu inauzwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, na mwenyewe ana haraka.

Mwenyewe alikuwa mwanamke wa Sudan Kusini, Nyakuoth, mrefu, msalaba shingoni, mwenye duka la unga na mtama. Gari lilikuwa nyuma ya duka, jeupe, safi. Wainaina alilizunguka mara mbili akitabasamu kama mtu aliyeona mchumba.

"Ejok, fundi," Nyakuoth akanisalimu. "Gari iko mzuri. Injini mzuri, gia mzuri. Lakini mimi mtu ya kanisa, nasema ukweli. Kiti ya mbele, ya kushoto, watu yangu nakataa kukaa."

"Springi ya kiti imetoka?"

"Wanasema iko mtu."

Nilitazama. Kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimebonyea katikati, lakini viti vyote vya zamani hubonyea.

"Kila asubuhi mimi nafagia mchanga pale chini," akasema. "Pasta amekuja, ameomba, ameweka mafuta. Asubuhi mchanga iko tena."

"Kakuma nzima ni mchanga, mama," nikamwambia. "Funga kioo."

Hakucheka. Nikajilaza chali, nikaingia chini ya gari.

Kila fundi huujua mkono wake. Mimi nikichomelea kishikio cha springi hupitisha moto mara mbili, mshono juu ya mshono, na wenzangu hunicheka eti naogopa. Nyuma kushoto, chini ya rangi nyeupe, mshono ulikuwa juu ya mshono. Nilikwangua rangi kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani.

Nilibaki pale chini nikisikia Wainaina akiuliza habari za mafuta, inakula ngapi. Nikapaza sauti kumuuliza Nyakuoth gari alilitoa wapi. Alisema alilinunua kwa mtu aliyetoka Lokichar, mwenye karatasi. Sina shaka karatasi zilikuwa safi. Aliyelikuta porini alikuwa na miezi tele ya kuzisafisha.

Kisha nikaiona tairi ya akiba, imening'inia kwenye mnyororo wake chini ya bodi. Nilishika mpira ili nione umechakaa kiasi gani, na vidole vyangu vikaingia kwenye tundu. Kulikuwa na matundu mawili, yamekatwa kwa kisu, polepole, na mtu mwenye subira. Moja lilikuwa la wayo wa kushoto, la pili la kulia.

Nilielewa yote kwa mara moja, na sitamani mtu mwingine aelewe kitu namna ile. Buti za kazini zimebandikwa kwa gundi, na gundi huachia kwenye joto la kule. Gari limekwama, buti zimefumuka, Ekal amekata akala kutoka kwenye tairi, akairudisha tairi mahali pake kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha vitu chini, akaanza kutembea. Nyayo nilizoziona siku ya nne zilikuwa zake. Alikuwa hai, mbele yangu, asubuhi ile ile. Mimi, fundi, mtu wa tairi, nilizitazama alama za tairi za gari nililolichagua mwenyewe, nikasema ni mchungaji.

"Vipi huko chini, fundi?" Wainaina akauliza.

"Twende tulijaribu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka kukaa mahali alipokaa Ekal.

Tuliteremka hadi mto Tarach, mkavu, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Ilikuwa saa nne asubuhi na hapakuwa na mtu. Nikaendesha mimi, Wainaina akakaa nyuma kwenye bodi kwa hiari yake. Alisema huko upepo ni mzuri, lakini nilimwona akikitazama kile kiti. Gari lilikuwa linalemea kushoto. Nilipokata kona lililemea zaidi, kama linavyolemea likiwa na mtu mzima pale mbele. Nilitazama mbele tu. Sijawahi kuogopa gari, na siku ile niliogopa.

Katikati ya mto nikasimama. Wainaina akaruka chini akaenda hadi ukingoni na kamera yake, gari lionekane zima. Nilikaa. Alipiga picha hii na ile, akachuchumaa, akasogea, na mimi sikuweza kukaa tena mle ndani peke yangu, kama nilikuwa peke yangu. Nikapiga honi mara tatu. Kisha nikaona afadhali kuondoka kuliko kungoja, nikalisogeza gari kiasi cha hatua hamsini, nikazima, nikatoka.

Wainaina alikuja akihema.

"Kwa nini umemfanyia hivyo mwenzako?"

"Mwenzangu yupi?"

"Si yule mtu wa Nyakuoth uliyekuwa naye mbele! Ameshuka, akaanza kwenda ule upande mwingine. Ulipopiga honi alikuwa ameshafika mbali, akageuka, akaanza kukimbia kurudi. Na wewe ukaondoa gari. Ameenda wapi?"

Alisema kwa kulaumu tu, bila hofu, kwa kuwa alidhani ameona mtu. Nikarudi kwa miguu hadi pale gari liliposimama kwanza. Nyayo zilianzia mlango wa kushoto. Akala, na alama za tairi zimejichora wazi mchangani, zile zile. Zilikwenda kwa mwendo wa mtu aliyechoka, hatua fupi, kuelekea magharibi. Mahali fulani zikasimama. Zikageuka. Kutoka hapo hatua zilikuwa ndefu, za vidole tu, kisigino hakigusi, hadi kwenye alama za magurudumu. Palikuwa pamekanyagwakanyagwa pale, kama pa mtu anayezunguka akitazama kila upande. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Wainaina alizifuata kwa macho, akatazama viatu vyangu, akatazama vyake. Alivua miwani akaifuta.

"Sitaki gari hili, fundi," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana bila ubishi.

Tulimrudishia Nyakuoth ufunguo. Nilimwambia gari lilikuwa la nani. Nilitegemea aogope au ajitetee. Aliketi kwenye gunia la unga.

"Mama yako anajua?"

"Hajui. Nimwambie nini? Kwamba mwanawe alisikia honi yangu?"

"Mimi nangoja bwana yangu miaka saba," akasema. "Ametoka Nasir, amepotea. Hakuna mtu ya kuniambia. Wewe, mtu amekuja mwenyewe amekuambia. Sasa unakaa hapa kwangu unafanya nini?"

Wainaina alinirudisha Lodwar kwa gari la kukodi. Baadaye alinunua ile Prado.

Mama nilimkuta kivulini akisuka kikapu cha majani ya mikoma. Nilikaa chini mbele yake nikamweleza kila kitu: mshono, tairi, buti, nyayo za Loima nilizozidharau, nyayo za Tarach zilizogeuka. Alisuka wakati wote nikisema. Nilipomaliza akaweka kikapu chini.

"Alisikia honi?"

"Alisikia."

"Akajua ni wewe?"

"Alijua, Mama. Hakuna mwingine anayepiga vile."

Uso wake ukalegea. Nilimwona mama yangu akilia kwa mara ya kwanza tangu Ekal apotee, kwa sauti, hadi majirani wakatoka nje. "Basi mwanangu alijua anatafutwa," akasema. "Alijua ndugu yake amekuja." Akaanza kuvua shanga, duara baada ya duara, na shingo yake ikabaki nyembamba, na ngozi laini pale ambapo jua halijawahi kufika. Akaniambia nilete wembe. Kazi ile hufanywa na mwanamke, na wanawake walikuwapo, lakini alinitaka mimi.

Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa aliponiuliza nilingoja muda gani baada ya kupiga honi.

Nikamwambia: sigara moja.

Hakugeuka, wala hakuondoa kichwa chake mikononi mwangu. "Maliza," akasema, nami nikaendelea kunyoa.