Daraja la Kwanza kwa Mama

Ukiambiwa Wambua alikuwa dereva wa nyumbani mtaa wa Malaz, Riyadh, umeambiwa nusu tu. Mwenyewe alijihesabu bado mhudumu wa behewa la chakula, treni ya Nairobi na Mombasa, ile ya zamani. Ndivyo alivyojitambulisha hata kwa kafili wake, bosi aliyemdhamini kuingia nchini, siku ya kwanza. Kafili alimsikiliza kwa adabu, kisha akamkabidhi funguo za gari.

Treni hiyo aliishuhudia ikidhoofika. Ilikuwa ikisafiri kila siku. Ikawa mara tatu kwa wiki, kisha mbili. Vikombe vilivunjika na havikununuliwa vingine. Ilichelewa kwa saa sita, mara kwa saa nane, na wenye haraka zao wakahamia mabasi. Mwaka 2014 wahudumu walipunguzwa, naye akiwemo, ndipo akatafuta ajenti, akapata ikama, kibali cha kuishi na kufanya kazi Saudia.

Alikuwa ameacha ahadi nyuma. Mama yake, Miriam, aliuza chai na mayai kwenye kituo kidogo cha Ukambani, kati ya Emali na Konza. Asubuhi treni ilipofika kutoka Mombasa, alisimama chini ya dirisha la behewa la chakula akimtazama mwanawe akiwamiminia watu chai. Miaka ishirini aliwalisha abiria wa treni hiyo, na hakuwahi kukanyaga hata ngazi yake. Wambua alimwapia kwamba atampandisha: daraja la kwanza, meza yenye kitambaa cheupe, wale kiamsha kinywa pamoja mpaka Nairobi. Mama hakuwa na ombi jingine kwake.

Alipokuwa kazini angeweza kulitimiza wiki yoyote. Alisema angoje kwanza apandishwe cheo. Ndiyo tabia ya Wambua, jambo zuri lazima liahirishwe ili liwe zuri zaidi.

Machi 2017 bosi alimpa ruhusa ya kwenda nyumbani mwezi wa Aprili. Wambua mwenyewe akaomba isogezwe hadi baada ya Ramadhani, kwa kuwa familia ya bosi ilikuwa inahamia Jeddah kwa muda na dereva atakayekwenda nao angeongezwa kitu. Alitaka mama apande treni akiwa na gauni jipya na viatu vya ngozi.

Katikati ya Aprili mama akapiga simu. Absalom, mdogo wake Wambua, alikuwa amesikia kituoni kwamba reli mpya inakaribia kufunguliwa na treni ya zamani itaondolewa mwisho wa mwezi. Alikuwa tayari kumpeleka mama Nairobi, ila uwezo wake ulikuwa daraja la tatu. Mama alitaka kujua aende au asiende.

"Daraja la tatu, Mwaitu, mama yangu? Ubanwe na magunia ya watu? Ningoje mimi. Treni imeishi zaidi ya miaka mia, haiwezi kufa kabla ya Julai."

Mama akangoja. Treni haikungoja.

Habari zilimkuta Al-Baghdadiyah, Jeddah, akiwa garini akimsubiri madam, mke wa bosi, atoke dukani. Justus, aliyekuwa mpishi wa treni, alimtumia picha ya mabehewa yamefungwa milango, yamesukumwa pembeni kwenye majani. Wambua akalia, mtu mzima na ndevu zake. Alijilaumu, na alikuwa na kila sababu ya kujilaumu.

Akampigia mama kumwomba msamaha. Alimwahidi kwamba watapanda hiyo treni mpya. Mama akamwambia reli mpya imepita juu ya nguzo na haina habari na kituo chao. Asubuhi ya mwisho, alisema, alienda kituoni bila birika wala mayai, akasimama mpaka behewa la mwisho likapita. Kisha sauti yake ikashuka.

"Wambua, nikuulize. Ulikuwa unaona haya wenzako wanikute daraja la tatu?"

Alitaka kusema la, hata kidogo. Lakini alikumbuka jinsi yeye na Justus walivyozoea kurudi kutoka mabehewa ya nyuma, ya daraja la tatu, wakiwacheka watu wa huko, walivyokaa, walivyokula. Alikuwa akicheka kuliko wote. Alikawia kidogo tu kujibu, na mama alikuwa ameshasikia jibu.

"Haya," akasema mama. "Uwe mwangalifu na barabara za huko."

Akakata simu.