Mdai Anasikia Vizuri

Miaka ishirini na tisa alisimama kati ya mashine mbili za kufuma, na miaka yote hiyo wenzake hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Redio. Eti redio husema kutwa nzima na yenyewe haisikii hata neno moja. Naye aliucheka sana utani huo, maana aliusoma midomoni mwao kabla hawajaumaliza.

Ndivyo wanavyoongea watu wa kufuma. Ukumbini mle mashine mia mbili zinagonga kwa pamoja, na hata ukipiga yowe unajisumbua bure. Kwa hiyo unafungua mdomo taratibu, unayapanua maneno, na mwenzako wa safu ya nne anakujibu. Walisengenyana hivyo, walichumbiana hivyo, na msimamizi akipita katikati yao hana habari.

Sasa masikio yalikuwa yamekwisha. Kiwanda kilimsimamisha kazi kwa sababu hakusikia kengele ya hatari, kisha hao hao wakamtaka athibitishe kwamba hasikii. Jamani! Fidia ikitoka, angenunua kifaa cha kusikilizia. Mwanzoni hata hakukitaka. Lakini bintiye alipojifungua, Redio alimpakata mjukuu, akamwona anaupanua mdomo mwekundu usio na jino, analia. Mdomo ule haukusomeka. Siku hiyo akakubali kujaza fomu.

Asubuhi ya kupimwa, bintiye alimshika mashavu, akamgeuzia kwake.

"Baba, leo usimtazame daktari mdomoni. Tazama ukuta, tazama dirisha, tazama viatu vyako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Usiseme umeelewa halafu ukaenda kufanya yako."

"Wewe nawe! Kwani mimi mtoto?"

Mlangoni mwa daktari mlinzi akamzuia binti, mtoto akiwa mgongoni. Aliruhusiwa mdai peke yake. Redio akaingia macho yakiwa viatuni. Kwa pembeni aliiona mashine ya kupimia masikio, imefunikwa nailoni na kubandikwa karatasi: IMEHARIBIKA. Akaketi. Viatu vya kike, vyeusi, vilivyong'arishwa, vikaja vikasimama mbele yake, vikangoja. Sasa mtu mzima atainamia sakafu mpaka lini, kama mwizi wa kuku? Akainua macho kidogo tu.

"Shikamoo, baba," midomo ya daktari ilisema.

"Marahaba, mwanangu."

Hapo hapo akajua ameharibu. Lakini angefanyaje? Mtoto wa watu amekuamkia kwa adabu, na mdomo umeshaitika wenyewe. Daktari akatabasamu, akaandika. Akamuuliza umri, akajibu. Akamuuliza alianza kazi lini, akajibu.

"Sasa tatizo liko wapi, baba?"

"Sisikii kitu, daktari. Nasoma midomo tu."

"Hata hivi ninavyonong'ona?"

"Hata hivyo. Hata usipotoa sauti kabisa."

"Wewe ni wa kumi na moja leo kuniambia hivyo." Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka. "Mmefundishana?"

Ni kweli, walifundishana. Siku yake ya kwanza kazini, mama mmoja wa safu ya pili alimkamata kidevu, akamfundisha neno moja moja. Redio hakulisema hilo.

Karatasi moja tu, jamani! Ile ile aliyoishika daktari mkononi. Angejiziba nayo mdomo akauliza swali moja, angeujua ukweli. Lakini foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, na fomu haikuwa na nafasi ya habari za midomo.

Daktari akainama kuandika. Redio akaona nywele tu, zimesukwa mistari minane, akangoja. Kalamu ikaenda, ikasimama, ikaenda tena. Ikasimama mara ya pili. Aliitegemea hasira ije, au basi hata aibu, na hakuna kilichokuja. Ndani yake palikuwa kimya vilevile kama chumbani. Akaihesabu ile mistari upya, ilikuwa minane. Mwishowe akasukumiwa karatasi, akatia sahihi pale alipoonyeshwa.

Nje, binti akamsomea, akiyapanua maneno kama mtu wa kufuma.

"Mdai anasikia vizuri, hata anaponong'onezwa." Akaufuata mstari wa pili kwa kidole. "Mdai ameulizwa mara mbili kama anaupinga uamuzi huu. Amenyamaza. Madai yamefungwa."

Akaishusha karatasi. "Baba, ulinyamaza?"

"Alikuwa anaandika," Redio akasema, kwa sauti iliyofanya foleni nzima igeuke.

Binti akageukia ukuta, akampa mgongo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kama alisema neno, Redio hakulijua. Mgongoni mtoto alikuwa ameamka, na ule mdomo mwekundu ulikuwa wazi wote, umemwelekea babu yake. Redio akautazama, akangoja ufungwe.