Nauli ya Shahidi

Kijiko kilikuwa kikikwaruza sufuria gizani. Krr, krr, kinatulia, kisha krr tena, taratibu, kama mtu anayeiba. Nasimiyu alilala macho, akimsikiliza bintiye akibandua ukoko wa ugali wa jana, naye akajifanya yuko usingizini. Angesema neno, mtoto angeona haya na kuacha, na hapakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Nanjala alizaliwa mwaka wa themanini na nne, mvua ilipokataa na watu wakala mahindi ya njano ya msaada. Ndiyo sababu akapewa jina hilo la njaa. Sasa alikuwa na miaka sita, na katika chumba chao mtaani Matisi ilikuwa kana kwamba hakuna aliyeiambia njaa kuwa mwaka ule uliisha.

Kulipoanza kupambazuka, mlango uligongwa. Jepkosgei, jirani wa chumba cha pili, aliingia na kikombe cha bati chenye chai ya rangi.

"Leo ni leo, Mama Nanjala. Umeamua aje?"

"Nitakataa kosa."

"Wacha kichwa ngumu! Si wale wengine walioshikwa walikubali, wakapigwa faini, jioni wakalala kwao? Kubali yaishe, bana. Mimi kesho napanda Kapsokwony, mama mkwe anaumwa. Ukifungwa, huyu mtoto nimwachie nani? Ukuta?"

"Nikikubali, Mama Bimla hatanichukua."

Jepkosgei aliweka kikombe chini. Habari ya Mama Bimla aliijua. Yule mama wa Kihindi alikuwa na duka la ushonaji mjini, na alitaka msichana wa kushona vifungo na kukunja pindo kuanzia Jumatatu. Aliutazama mkono wa Nasimiyu ukishika sindano, akaridhika, kisha akainua kidole. "Lakini mimi hapana taka mtu ya polisi. Wewe maliza hiyo kesi, kuwa safi, kuja."

Mara mbili huko nyuma Nasimiyu alikuwa amekubali. Mara zote mbili alirudi kwenye baa za Kibomet jioni ile ile, kutafuta pesa za kulipa deni la faini palepale alipokamatiwa.

Safari hii alikuwa na lake moyoni. Kwao Bungoma, mwanamume akikutwa na binti wa watu, wazee waliwakalisha wote wawili chini kwenye nyasi, na mwanamume ndiye aliyeanza kuulizwa. Mjomba wake Mukhisa alikuwa mmoja wa wale wazee. Mwanamke hakuguswa kwa swali hata moja kabla mwanamume hajamaliza kujibu. Korti, Nasimiyu aliona, ni baraza lile lile, ila hili lina paa na bendera. Basi siku aliposomewa shtaka la kuishi kwa pato la umalaya, aliinua mkono akasema hakuwa peke yake, na mwanamume aliyekutwa naye aletwe.

Inspekta Kimaiyo, mwendesha mashtaka, alikuwa amefunika kalamu yake tayari. Aliifunua tena. "Ataletwa," alisema, akatabasamu.

Alipoachiwa kwa dhamana, tabasamu lile Nasimiyu alikwenda nalo nyumbani kama mtu aliyetumiwa habari njema.

Jepkosgei alimshika Nanjala mkono, wakashuka mjini watatu.

Bramwel, mwanamume mwenyewe, alikuwa amefika kortini kabla yao. Alikaa kwenye benchi la mbele na koti lake la kanisani, nywele zimechanwa kwa maji. Alikuwa mpima mizani katika ghala moja la mahindi. Mara ya mwisho Nasimiyu kumwona ilikuwa katika chumba cha nyuma ya baa huko Kibomet, jua halijazama bado, mlango umepigwa teke. Konstebo Kibiwott alisimama pale akamwambia, "Pole, mzee. Vaa suruali pole pole, hakuna haraka." Kisha akamgeukia Nasimiyu: "Wewe, toka hivyo hivyo." Bramwel aliandika maelezo yake kituoni, akapewa chai, akasindikizwa hadi langoni. Nasimiyu alilala ndani.

Lakini amekuja, Nasimiyu alijiambia. Si amekuja?

Jina lake liliitwa, akapanda kizimbani. Muda si mrefu likaitwa la Bramwel. Nasimiyu akavuta gauni lake, akasogea pembeni hadi bega likagusa mbao.

"Unasonga wapi?" Kibiwott aliuliza.

"Nampisha. Si atasimama hapa?"

Korti nzima ilicheka. Hata karani, ambaye kazi yake ilikuwa kutafsiri maneno ya hakimu tu, alilazimika kuziba mdomo kwa faili. Bramwel alipita mbele yake bila kumtazama, akaenda kusimama upande wa pili, palipokuwa na kiti na Biblia.

Aliapa kwa sauti ya mzee wa kanisa.

"Ulimpa huyu mama nini?" Kimaiyo aliuliza.

"Pesa, afande."

"Alizipokea?"

"Alipokea. Akafunga kwa leso."

"Za nini hizo?"

Bramwel alikohoa. "Za... ile kazi yake."

Kicheko tena. Hakimu aligonga meza kidogo, bila hasira, kama anayefukuza nzi. Kisha karani akamuuliza mshtakiwa kama ana swali kwa shahidi.

"Ninayo." Nasimiyu alishika mbao kwa mikono yote miwili. "Bwana Bramwel. Mimi nilikufuata kwa mizani yako, ama wewe ndio ulikuja kunitafuta?"

"Mimi ndio nilikuja."

"Mara moja?"

"Mara... kadhaa."

"Na hiyo pesa imetoka kwa mfuko wa nani?"

"Wangu. Si nimesema?"

Nasimiyu aligeuka kwa hakimu. Uso wake ulikuwa umefunguka. "Mheshimiwa, amekubali. Mwenyewe, kwa mdomo wake, na Biblia ameshika."

Alingoja. Kwao, neno kama hilo likishatamkwa, wazee huinamiana wakanong'onezana, na mwanamume hutazama vidole vya miguu yake. Hapa hakimu aliandika, akageuza ukurasa, akaandika tena, halafu akasema maneno machache ya Kiingereza kwa upole.

"Mheshimiwa anasema ndiyo, amekubali," karani alitafsiri. "Na hapo ndipo umejimaliza. Kuishi kwa hiyo pesa ndilo kosa. Kuitoa, sheria haina neno."

"Hata kama ni yeye alikuja?"

"Hata kama."

"Hata kama atakuja tena kesho kwa mwingine?"

Karani hakuona haja ya kulitafsiri hilo.

Kimaiyo alisimama, akanyoosha koti. "Mheshimiwa, niseme ukweli. Upande wa mashtaka ulikuwa na karatasi tu, haukuwa na mtu wa kuthibitisha hizo pesa. Ni mshtakiwa mwenyewe alituomba tumlete shahidi. Tunamshukuru."

Hakimu alisoma hukumu yake akiwa ameinama. Wanawake wengine walikiri mapema, karani alisema, wakaiokolea korti muda, nayo ikawaonea huruma. Huyu ameisumbua serikali, akamtoa mtu kazini kwake. Na si mara yake ya kwanza. Miezi mitatu jela. Faini hakuna.

"Nina mtoto, mheshimiwa," Nasimiyu alisema. "Yule pale. Jumatatu naanza kazi. Kazi ya sindano. Uliza mjini."

Hakimu aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alimtazama Nanjala kwa muda, akauliza kitu.

"Anauliza baba yake yuko wapi," karani alisema.

Nasimiyu alimwangalia mtoto tu.

"Basi anasema watu wa ustawi wa jamii watajulishwa. Kesi inayofuata!"

"Samahani, mheshimiwa," Kimaiyo aliingilia. "Kuna nauli ya shahidi."

"Alipwe," hakimu alisema, safari hii kwa Kiswahili. Akamwinamishia Bramwel kichwa. "Korti inakushukuru kwa kufika."

Kibiwott alikuwa ameshamkamata Nasimiyu kiwiko. "Vua viatu. Huko unaenda havivaliwi." Nasimiyu aliviacha sakafuni, raba nyeusi zilizokwisha visigino, na kabla hajamaliza kugeuka akasukumwa katika mlango wa pembeni. Lori la jela lilikuwa limewashwa tayari uani. Alipiga kelele neno moja, labda jina, lakini injini ililimeza.

Jepkosgei alikuwa ameziba uso kwa kanga. Mkono wake ulipolegea, Nanjala aliteleza, akapita chini ya benchi, akaenda kuokota raba zile. Alizifuta vumbi kwa gauni lake. Kisha akatazama watu wakubwa waliomzunguka, askari, karani, inspekta, akimtafuta wa kumpa, akamchagua yule aliyekuwa akishukuriwa.

Bramwel alikuwa akiweka sahihi ya nauli. Alihisi kitu kikimgusa gotini, akatazama chini.

"Mama amesahau viatu vyake," Nanjala alisema.