Maumivu Yaliyobaki Barazani

Mwenye saluni alikuwa akikoroga nta ya kung'olea vinyweleo kwenye sufuria ya umeme, akijaribu joto lake nyuma ya kiganja, wifi yake alipoingia na kujibwaga kwenye kochi bila hata kubisha hodi.

"Leo miguu yote, wifi. Na nisisikie kitu. Nikisikia tu, namwambia kaka akurudishe kwenu."

"Akinirudisha nani atampikia? Wewe unayeunguza maji?"

Walicheka mpaka mteja aliyekuwa akingoja kumaliziwa nyusi akacheka nao. Mwenye saluni alimpenda yule wifi kuliko ndugu zake wa kuzaliwa, na hilo lisemwe mapema.

Akatoa krimu ya ganzi kabatini. Muuza dawa alikuwa amemwambia vizuri tu: paka kidogo, mahali padogo, wala usifunge kitu juu yake, maana ikifungwa inazama mwilini na kuufikia moyo. Lakini wateja hawana subira, na krimu ikifungwa kwa nailoni, ile ya kufunikia chakula, inashika upesi. Basi akapaka kwa kiganja kizima, kuanzia mapajani hadi vifundoni, akafunga miguu yote miwili. Alikuwa amewafanyia wengi hivyohivyo na walikwenda zao salama.

Maumivu ya wifi yakatoka, kama yanavyotoka ya kila mteja, yakaenda kukaa kwenye benchi la barazani pamoja na mengine. Yalikuwa na sura ya mwenyewe, ila uso umekunjamana. Kwa kawaida maumivu hungoja pale yakipiga soga mpaka ganzi iishe, kisha kila moja likafuatana na mwenyewe nyumbani. Wapita njia huyasalimu.

"Wifi, mbona midomo inakufa ganzi?" aliuliza wifi kutoka kwenye kochi. "Na masikio yanavuma."

"Ndiyo inashika hiyo. Tulia."

Mwenye saluni alikuwa amerudi kwenye nyusi za yule mteja, upande wa pili. Alipogeuka, wifi alikuwa akitetemeka mwili mzima. Teksi ilipofika, moyo ulikuwa umeshasimama.

Hospitali walisema moyo. Mama mkwe akakumbuka kwamba mwanawe alikuwa akichoka upesi tangu utotoni, na watu wakaitikia. Mwenye saluni alikaa katikati yao na neno lake kooni. Akalimeza. Tangu hapo chakula hakimshuki vizuri.

Maumivu ya wifi hayakuwa na wa kuondoka naye. Jioni mengine yalikwenda zao, yenyewe yakabaki pale. Mwenye saluni akayapelekea chai.

Siku moja mumewe alikuja kurekebisha kitasa cha mlango. Maumivu yakamwamkia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mliachana wapi na mwenzako?"

"Hapahapa. Wifi alipompaka miguu yote akamfunga nailoni. Alilalamika midomo imekufa ganzi, wifi akamwambia atulie."

Mume aliitazama bisibisi yake. Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amesikia kila neno, na alitamani atukanwe, afukuzwe, afanyiwe chochote kile. Angalau angelia kwa haki.

"Mama asijue," alisema mume. Akakaza skrubu ya mwisho, akaondoka, na hawajalizungumza tena.

Wateja wameyazoea. Maumivu yale husogea kidogo kwenye benchi ili mengine yapate nafasi, huyauliza hali, huyaaga yakiondoka. Juzi alikuja msichana mwenye haraka, akataka miguu yote. Mwenye saluni aliishika krimu muda mrefu, machozi yakimlengalenga. Kisha akapaka, akafunga.

Jioni alipokuwa akifunga mlango, maumivu ya wifi, yaliyobaki peke yake tena benchini, yaliuliza kama mwenyewe amemaliza kule ndani.

"Bado kidogo," alisema, akayapa chai.