Jiwe la Bi Vumbi

Dada yangu alisaga mawe kwenye maabara ya madini miaka kumi na tisa. Aliyasaga juu ya kioo mpaka yapitishe mwanga, membamba kuliko karatasi, kisha Daktari akayatazama kwa hadubini. Walimwita Bi Vumbi. Mimi, karani wa stoo ya sampuli jengo hilohilo, waliniita Kifungu, maana sibishani bila kutaja kifungu cha kanuni. Shule niliishia darasa la saba. Kanuni nilijisomea mwenyewe stoo, wenzangu wakila.

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, dada alikuta punje ya zambarau isiyosagika kirahisi.

"Hii inakwaruza kioo kuliko jiwe lolote," alimwambia Daktari. "Sijawahi kukutana nayo."

Daktari hakuinua hata kichwa. "Saga tu, bibie."

Hakusaga. Alimganda siku tatu mpaka akaitazama. Miezi kumi na minne baadaye majibu ya vipimo yakarudi: madini mapya, hayajaandikwa popote duniani.

Ndipo Daktari akaja chumba cha kusagia na karatasi mkononi. Akamvutia dada kiti.

"Kuna kautaratibu, Bi Vumbi. Mgunduzi haruhusiwi kulipatia jiwe jina lake. Ukibaki kwenye orodha ya wagunduzi, basi tena. Ukijitoa, sisi tuliobaki tunaweza kuliita kwa jina lako."

Dada akanigeukia, nilikuwa nimemletea sampuli. "Eti kweli, mdogo wangu?"

Kweli. Nilikuwa nimekisoma kifungu hicho mara mbili.

"Saini," nikamwambia. "Ripoti yenye orodha hiyo italala kabatini. Jina la jiwe litasomwa mpaka kiama."

"Usije ukanizika na vifungu vyako, wewe."

"Si nipo, dada?"

Akacheka, akajifuta mikono kwenye aproni, akasaini.

Barua ya kuidhinisha jina ilipitia stoo, nikaisoma nimesimama. Jiwe limepewa jina la Mkurugenzi wa maabara. Mtu ambaye jiwe pekee alilowahi kushika ni lile la kuzuia karatasi zake zisipeperuke mezani. Hakuwemo kwenye orodha ya wagunduzi, kwa hiyo aliruhusiwa. Nikafungua kanuni, nikapekua zote. Hakuna kilichovunjwa. Na ile ahadi kwa dada haikuandikwa popote. Mimi, Kifungu, sikudai iandikwe.

Nikampelekea. Alisoma taratibu, akanirudishia.

Mimi niliyeongoza migomo miwili, ninayekumbuka hata rangi ya tai ya bwana aliyetufungia geti, nilitafuta hasira sikuipata.

"Twende kwa Mkurugenzi," nikasema.

"Ukamtajie kifungu gani?"

Nikaikunja barua.

"Siku ile Daktari alinisemesha vizuri," akasema dada. "Sijui kwa nini sikushtuka."

Daktari akachungulia mlangoni. Hakututazama sana.

"Bi Vumbi, makumbusho wanataka vipande viwili vya lile jiwe letu jipya. Vyembamba, kama kawaida yako."

"Lebo niandike nini?"

Daktari akataja jina la Mkurugenzi, lote, na cheo chake.

Dada akaliandika kwa kalamu ya wino, mara mbili, kwa mwandiko wake mzuri. Akasogeza kioo, akamwagia maji, akaanza kusaga. Mimi nikarudi stoo, kulikuwa na sampuli za kupokea.